Catoctin: Mlima na Mkaa Wake

Wakazi wa Washington wanapotamani mlima, wengi huelekea Shenandoah, jimboni Virginia. Catoctin, safu fupi iliyo kaskazini mwa mji wa Frederick, Maryland, haina umaarufu huo. Kutoka Greenbelt, ninakoishi na familia yangu, ni mwendo wa saa moja na ushei kwa gari. Maporomoko yake ya Cunningham yana kimo cha mita 24 hivi, na aliyezaliwa karibu na Kilimanjaro hatapigwa na butwaa akiyaona. Jabali la Chimney humpa mpandaji mandhari ya bonde zima, na mwezi wa Oktoba mialoni huvaa rangi ambazo lugha yetu ya pwani haikulazimika kuzitafutia majina. Hayo yote ni mazuri. Mimi, hata hivyo, huurudia mlima huu kwa sababu ya historia iliyofichwa na uzuri huo.

Mgeni hudhani kwamba msitu wa Catoctin ni wa tangu na tangu. Sivyo. Mwaka 1776 Thomas Johnson, aliyekuja kuwa gavana wa kwanza wa Maryland, alianzisha pamoja na ndugu zake tanuri la kuyeyushia chuma chini ya mlima. Kila kilichohitajika kilikuwapo: mawe ya chuma, chokaa, vijito vya kuendeshea mivukuto, na miti ya kuchomea mkaa. Tanuri la aina hiyo liliweza kumeza miti ya takriban ekari moja kwa siku. Kazi iliendelea, kwa vipindi, hadi mwaka 1903, na mlima ukabaki na vipara. Msitu tunaoupigia picha leo ni machipukizi ya baada ya shoka.

Ukipita njia ya miguu iitwayo Charcoal Trail, utaona mahali ambapo ardhi ya mteremko imesawazishwa kwa umbo la duara. Aliyekulia vijijini Afrika Mashariki hahitaji kibao cha maelezo. Hapo magogo yalipangwa, yakafunikwa majani na udongo, yakawashwa, na mchoma mkaa akakesha siku kumi au zaidi, maana udongo ukitoboka na hewa ikaingia, mkaa hugeuka majivu. Ni tanuri lile lile la mkaa tunalolijua kwetu.

Kwetu mimi ni Usangi, katika milima ya Upare, nayo pia ni safu ambayo watalii huipita wakiwa njiani kwenda kwingine. Huko chuma kilikuwa heshima. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya Wapare, alieleza jinsi Washana, ukoo wa wahunzi, walivyoitawala Ugweno kabla ya Wasuya kuwapokonya madaraka. Hata baada ya kupoteza enzi hawakupoteza ufundi, na chuma cha Upare kiliuzwa hadi kwa Wachaga. Bibi yangu hakusoma kitabu hicho, lakini aliweza kutaja nani alikuwa Mshana na nani hakuwa, na kwa nini mhunzi hakutukanwa.

Je, ni nani waliokesha kando ya mkaa wa Catoctin? Katika miongo ya mwanzo, wengi walikuwa Waafrika waliotumikishwa utumwani pamoja na vizazi vyao. Walichimba, walikata, walichoma, waliyeyusha. Kufikia katikati ya karne ya 19 wahamiaji kutoka Ulaya walishika nafasi zao kwa ujira, na makaburi ya waliotangulia yakasahaulika kichakani. Yaliibuliwa na ujenzi wa barabara kuu namba 15, ile ile inayotupeleka sisi mlimani. Mwaka 1978 Sadat, Begin na Carter walikuwa juu ya mlima, Camp David, wakijadili amani huku dunia nzima ikiwatazama. Haukupita muda mrefu, wanaakiolojia wakawa chini ya mlima ule ule wakifukua mifupa isiyo na majina ili kupisha magari. Mabaki hayo yalihifadhiwa katika taasisi ya Smithsonian.

Mwezi Agosti 2023 jarida la Science lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 27 kati yao. Ilibainika kwamba akina mama walizikwa karibu na watoto wao, na ndugu karibu na ndugu. Asili ya baadhi yao ilionekana kukaribiana na ya Wawolof wa Senegambia, na ya wengine na ya Wakongo. Vilipolinganishwa na vinasaba vya mamilioni ya wateja wa kampuni ya 23andMe, walipatikana jamaa zaidi ya 41,000 walio hai. Watu wale wakawa wamepata ukoo kabla ya kupata majina.

Binti yangu, mzaliwa wa Maryland, aliniuliza tukiwa katika jumba dogo la makumbusho la pale tanurini: "Baba, hawa ni ndugu zetu?" Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Mwafrika ugenini huvutwa kuyadai makaburi yote ya weusi kuwa yake. Nilimwambia kwamba hatuna ushahidi wa damu. Wazee wake walikuwa upande mwingine wa bara, wakifua chuma chao wenyewe na kukiuza wenyewe. Tofauti hiyo isifutwe kwa huruma. Nikaongeza kwamba tunaishi juu ya kazi yao, na kwamba hilo nalo ni deni.

Mji wetu wenyewe unathibitisha. Sera zile zile za Roosevelt za miaka ya 1930 ndizo zilizoinunua ardhi iliyochoka ya Catoctin ili miti irudi, na ndizo zilizoijenga Greenbelt. Familia za kwanza zilihamia mwaka 1937. Vibarua weusi walishiriki kuijenga, lakini hapakuwa na nyumba hata moja iliyotengwa kwa ajili yao. Leo majirani zangu wengi ni weusi, na vivuli vya miti vinatutosha sote.

Kwa hiyo wageni wangu kutoka nyumbani siwapeleki kwanza kwenye maporomoko. Tunaanzia tanurini, kisha tunapanda. Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Utafiti ule ulionyesha kwamba jamaa wa karibu zaidi wa wale 27 wamekusanyika zaidi katika jimbo hili hili la Maryland. Huenda nimewahi kusimama nyuma ya mmoja wao kwenye foleni ya duka, nikamsalimia kwa Kiingereza, naye hajui kwamba kuna mlima saa moja kutoka hapo ambao wazee wake waliuchoma mkaa.