Lwala, Kijiji Kilichouza Kuku

Msafiri atokaye Kisii kwenda Migori, kabla hajafika kwenye mashamba ya miwa ya Awendo, hupita katika mji wa Rongo. Hapo magari husimama kidogo, wachuuzi huinua ndizi na karanga hadi kwenye madirisha, kisha safari huendelea kuelekea Isebania na mpaka wa Tanzania. Ni wachache wanaoiacha njia kuu na kuingia Kamagambo ya Kaskazini. Barabara za huko ni za udongo, na masika yakianza utelezi wake humlazimu mwenye baiskeli kushuka na kuisukuma. Katikati ya mahindi, miwa na migomba ndimo kilimo kijiji cha Lwala.

Neno la Mungu si geni katika nchi hiyo. Mwaka 1906 Bwana A. A. Carscallen, mzaliwa wa Kanada, na Bwana Peter Nyambo, Mwafrika wa Nyasaland ambayo sasa ni Malawi, walifika kwenye kilima cha Gendia karibu na Kendu Bay, wakaanzisha kazi ya Waadventista Wasabato. Mwaka 1925 hospitali ya misheni ilianza hapo Kendu. Kamagambo nako kulipata shule ya misheni hiyo, na Wakatoliki walijenga Asumbi. Basi makanisa yalikuwapo. Kilichokosekana Lwala ni tabibu. Mgonjwa alichukuliwa kwa mikono, au kwa baiskeli, au kwa kigari cha gurudumu moja, mpaka barabarani, na huko gari lingojwe. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kungoja gari.

Katika kijiji hicho alizaliwa Milton Ochieng', mwana wa mwalimu Erastus Ochieng'. Kijana huyo alisoma katika Alliance High School huko Kikuyu, shule iliyoanzishwa na muungano wa misheni mwaka 1926, ambayo huwafundisha wanafunzi wake kuwa na nguvu ili watumike. Mwaka 2000 alipata nafasi katika chuo cha Dartmouth, Marekani. Masomo yalilipiwa, lakini nauli ya ndege haikulipiwa. Ilitakiwa dola 900, fedha ambazo katika Lwala hazikuonekana mkononi mwa mtu mmoja.

Wanakijiji wakauza mifugo. Mwenye ng'ombe aliuza ng'ombe, na asiyekuwa naye aliuza kuku. Mtu wa mjini aweza kucheka akisikia habari za kuku, lakini aliyekulia shamba anajua kwamba kuku ndiye chumvi ya nyumba, ndiye daftari la mtoto, ndiye heshima ya mgeni ajaye bila taarifa. Na waliotoa hawakupewa hati wala ahadi yenye muhuri. Wangapi wamekwenda ng'ambo kwa michango ya wazee wao, wasikumbuke hata kuandika barua? Wazee wa Lwala walijua hayo, wakatoa vivyo hivyo. Lilimtaka Milton jambo moja tu, asiwasahau.

Akiwa mwanafunzi, Milton alisafiri pamoja na wenzake mpaka Nicaragua, ambako walisaidia kujenga zahanati katika kijiji cha maskini. Hapo aliona kwamba kazi ya namna ile yawezekana Lwala pia. Baba yake naye alikuwa na shauku hiyo hiyo, na wanakijiji wakashiriki kazi. Ndugu yake Fred alimfuata Dartmouth, na baadaye wote wawili walisomea udaktari katika chuo cha Vanderbilt mjini Nashville.

Kabla zahanati haijafunguliwa, mama yao alifariki, kisha baba, wote kwa UKIMWI. Vijana wale wangeweza kusema kwamba sasa hakuna wa kurudia. Badala yake waliomba misaada kwa wanafunzi wenzao na kwa watu wengine wa Marekani. Mmoja wa waliosaidia ni chama cha Kikristo cha Blood:Water, kilichoanzishwa na wanamuziki wa Jars of Clay. Mwaka 2007 milango ilifunguliwa, na wagonjwa wa kwanza wakatibiwa mahali ambapo zamani palikuwa shamba tu.

Zahanati hiyo imekua ikawa hospitali, na kazi yake imevuka mipaka ya Lwala na kuingia sehemu nyingine za Migori. Jambo moja katika utaratibu wake lafaa litazamwe na kila apendaye kuhudumia watu. Wakunga wa jadi, ambao mahali pengine walidharauliwa na kufukuzwa, hapa waliitwa wakafundishwa. Mama hao hupita nyumba kwa nyumba, humtafuta mwenye mimba mapema, na saa yake ikifika humsindikiza hospitalini wao wenyewe, wakiikanyaga barabara ile ile ya udongo.