Mkono Mmoja Haulei Mwana

Methali hii tumeifundisha kwa miaka mingi. Tumeiandika ubaoni, tukawataka wanafunzi waieleze kwa mifano. Siku moja mfano wenyewe ulikuwa umeketi mbele yetu darasani, nasi hatukuutambua.

Mwaka 1998 tulikuwa tukifundisha katika shule moja ya msingi wilayani Rakai, kusini mwa Uganda. Kasensero, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Viktoria ambako wagonjwa wa mwanzo wa ukimwi nchini walitambuliwa mwaka 1982, kilikuwa wakati huo ndani ya wilaya hiyo. Wenyeji waliuita ugonjwa huo silimu, kwa jinsi ulivyowakondesha watu. Uliwachukua hasa wenye nguvu, ukawabakiza wazee na watoto. Na dawa za kuupunguza makali zilikuwa bado hazijafika vijijini.

Kiganda humwita mtoto aliyefiwa na wazazi mulekwa, yaani aliyeachwa. Hata hivyo, wengi wa watoto hao walipokewa: na bibi, na shangazi, na mjomba, pengine na rafiki wa marehemu. Hapakuwa na hati wala sahihi. Lugha zetu zilikuwa zimekwisha kuamua jambo hilo zamani, kwa kuwa ndugu mdogo wa baba, ambaye Kiswahili humwita baba mdogo, kwa Kiganda naye ni taata omuto. Jina hilo humkabidhi mtu wajibu kabla hajaulizwa kama anauweza.

Katika darasa la nne alikuwapo mvulana mmoja ambaye kila Ijumaa hakuonekana. Tulimwonya, tukamwadhibu, na mwisho tukamwamuru asirudi bila mzazi. Siku ya tatu alirudi na kikongwe mwenye kutembelea fimbo, na kitoto kimemshika nguo. Huyo ndiye aliyekuwa mzazi. Alikuwa akilea wajukuu sita, waliozaliwa na watoto wake watatu aliokwisha kuwazika. Siku ya Ijumaa alikwenda kulima shamba la watu kwa ujira, na mvulana yule akabaki nyumbani kuwaangalia wadogo. Ni kweli kwamba serikali ilikuwa imeondoa karo katika shule za msingi tangu mwaka 1997. Lakini sare, madaftari na chakula cha mchana vilibaki juu ya mlezi, na ujira wa Ijumaa ndio uliovinunua.

Tuliona haya. Kwa kukosa la kusema, tukamsifu: "Jjajja, kazi yako ni kubwa, Mungu atakulipa." Akatutazama kwa upole, akajibu: "Wanangu, sifa nilipewa nyingi matangani. Nitafutieni mtu wa kukaa na hawa wadogo Ijumaa tu, ili huyu asome."

Hakutuomba fedha wala nguo. Basi tulishauriana. Mke wa mwenzetu mmoja, aliyekuwa na watoto wadogo, alikubali kuwapokea wale wa bibi kila Ijumaa. Sisi wengine tukagawana zamu za kumpalilia migomba yake Jumamosi, naye siku hiyo akapumzika. Mvulana hakukosa tena Ijumaa. Mpango huo ulidumu mihula miwili, kisha uhamisho ukatutawanya. Hatukumwachia mtu zamu zetu, na hilo ndilo linalotuuma hata leo.

Ndugu walimu, jambo tulilojifunza ni dogo, nalo latutosha. Aleaye mtoto wa ndugu yake hupewa pole siku ya mazishi, na baada ya hapo jamii huhesabu kwamba mambo yamekwisha, kumbe kwake ndiyo yanaanza. Tuzoee kumwuliza mlezi ni siku gani na saa gani humwelemea, kisha tuichukue saa hiyo moja, kwa zamu, na tumkabidhi mwingine tunapoondoka. Tukimwita mzazi shuleni, tuseme pia mlezi, ili mtoto asisimame mlangoni akijiuliza amlete nani. Na kabla ya kumwadhibu aliyekosa kuja, tumwulize amemwacha nani nyumbani.

Wahenga walisema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kazi hiyo ina siku zake za juma, na kila mmoja wetu aweza kuichukua mojawapo.