Moto wa Pointi

Miaka ya 1980 Ifakara haikuwa na bodaboda. Mwenye pikipiki alikuwa bwana shamba, bwana mifugo, mganga wa zahanati au padri, na nyingi zilikuwa Yamaha, Suzuki na Honda kutoka Japani. Mimi nilikuwa kijana wa gereji, naosha vifaa kwa petroli na kumshikia fundi spana. Ukiniuliza ni ugonjwa gani uliotuletea wateja wengi, sitataja kabureta wala cheni. Walikuja wakisukuma, jasho likiwatiririka, na neno lao lilikuwa moja: "Fundi, haina moto."

Moto wenyewe una wakati wake. Cheche ya plagi inatakiwa iruke pistoni ikiwa inakaribia juu lakini haijafika, kwa sababu petroli na hewa haviwaki vyote kwa mpigo. Cheche ikiwahi mno, injini inagonga, kiki inarudisha mguu, na ukishikilia mwendo hivyo hivyo unaweza kutoboa pistoni. Ikichelewa, pikipiki inakosa nguvu na injini inachemka bure. Zamani kilichoamua wakati huo kilikuwa kifaa kidogo kilichojificha nyuma ya flaiwili, yaani pointi: vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachanishwa na kamu. Vikiachana tu, koili inatoa cheche. Injini ya tu-stroki hutaka cheche kila mzunguko, kwa hiyo ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pointi zinafunguka mara 100 kila sekunde.

Kifaa cha namna hiyo lazima kichoke. Kile kisigino kinachosuguana na kamu kililika taratibu, mwanya ukapungua, pointi zikachelewa kufunguka na moto ukachelewa nazo. Kondensa inayozikinga ikifa, pointi ziliungua zikajaa vishimo. Masika, bonde la Kilombero likifurika, maji yalipenya chini ya kava na mtu akakwama njiani na mizigo yake.

Fundi aliyenifunza hakuwa na taa ya taimingi. Alikuwa na fila geji, na mwanya wa pointi aliuweka kati ya milimita 0.3 na 0.4 baada ya kuzipitishia msasa laini. Taimingi aliipima kwa karatasi nyepesi ya sigara. Aliikata ukanda mwembamba, akaupitisha kwenye dirisha la flaiwili hadi katikati ya pointi, kisha akazungusha flaiwili polepole kufuata mzunguko wa injini huku mkono wa pili ukivuta karatasi kidogo kidogo. Karatasi inabanwa, inabanwa, mara inateleza. Anasimama hapo hapo. "Tazama alama, mwanangu," ananiambia. Kama mstari wa kwenye flaiwili umekutana na ule wa kwenye injini, tunafunga kava. Kama umepitiliza, analegeza skrubu, anasogeza bamba la pointi kiasi cha unywele, anaanza upya. Kila mara aliniuliza moto ulikuwa umewahi au umechelewa, na jibu la kubahatisha hakulipokea.

Kisha ikaja CDI, moto wa kielektroniki usio na pointi. Haikuwa kitu kipya duniani. Kawasaki H1 ya 1969 ilitoka nayo kiwandani. Kwetu tuliizoea pole pole, kila zilipokuja pikipiki mpya. Ndani yake hamna kinachogusana. Koili moja kwenye magneti inachaji kapasita kwa volti mamia, nyingine ndogo inatoa ishara flaiwili inapopita, na kapasita inaumwaga umeme wote kwenye koili ya plagi. Hamna kisigino cha kulika wala mwanya wa kupima. Mabwana shamba walifurahi, na walikuwa na haki. Safari ya kwenda Mlimba haikuhitaji tena bisibisi na msasa mfukoni.

Ila gereji ilibadilika. CDI imejazwa gundi ngumu ndani, huifungui ukaiona. Ikifa imekufa, na njia ya kuipima ni kuazima nzima ya pikipiki nyingine. Bodaboda zilipojaa mjini, wakaja mafundi vijana ambao tiba yao ni kubadilisha: plagi, kisha koili, kisha CDI, mpaka fedha ya mteja iishe.

Siku moja nililetewa pikipiki iliyokwisha kupita mikono mitatu ya namna hiyo. Kila kitu cha umeme kilikuwa kipya, lakini ukipiga kiki inakurudisha mguu. Nilifungua flaiwili. Ile ki ndogo ya nusu mwezi inayoishikilia kwenye kranki ilikuwa imekatika, flaiwili imejizungusha kidogo, na ishara ya cheche ilikuwa inatolewa kabla ya wakati. CDI ilikuwa nzima na ilifanya kazi yake kwa uaminifu, ila iliambiwa uongo. Ki mpya ni kitu cha bei ya chai na chapati.

Pikipiki ya kazi nitachagua ya CDI bila kusita, na anayetaka kunirudisha kwenye pointi kila masika anitafutie kwanza dawa ya mgongo. Lakini kijana anayekuja kujifunza kwangu namwanzishia injini kuukuu ya pointi iliyofungwa mezani. Pikipiki ya mteja haigusi mpaka anieleze mwenyewe, bila kubahatisha, kwa nini cheche inaitangulia pistoni.