Upande wa Mlevi

Watu wa rika langu wakizungumzia shule za msingi za miaka ya UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, hutaja jembe, fimbo na mchakamchaka. Vyote vilikuwepo. Kule Mufindi tulikimbia mchakamchaka ndani ya ukungu mzito, unaitikia wimbo na aliyeuanzisha humwoni. Lakini ukiniuliza mtoto wa wakati ule alisemea wapi lililo lake, nitakujibu: kwenye ngonjera. Na si ngonjera nzima, ni ule upande wa mkosaji.

Shule nilianzia Rungwe, mkoa wa Mbeya. Novemba 1977 ilipotimizwa ahadi ya Musoma kwamba kila mtoto aliyefikia umri aende shule, darasa letu lilifurika hadi wengine wakakalia matofali. Walimu hawakutosha, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafunzwa ualimu huko huko vijijini kwa miaka mitatu, huku wanafundisha. Walikuwa maelfu kwa maelfu, na mpaka leo mtu akitaka kumdharau mwalimu humwita "wa UPE". Mimi dharau hiyo siiwezi. Aliyenifundisha Kiswahili vizuri kuliko wote alikuwa mmoja wao.

Huyo nilimkuta Mufindi. Mwaka 1979 baba, aliyekuwa mchuma chai, alihama mashamba ya Tukuyu akaenda ya huko, mkoa wa Iringa. Nikaingia darasa la nne na lafudhi ya Kinyakyusa katikati ya watoto wa Kihehe, ambao hata nilivyoomba ruhusa ya kwenda chooni kwao ilikuwa kichekesho.

Ngonjera hizi za kupeana hoja jukwaani zina baba yao, Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma aliyefariki 1969. Baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwataka washairi wawafikishie wananchi siasa mpya, na Mnyampala akapata chombo kilichofaa: mmoja anapinga au hajui, mwenzake anamwelewesha, mwisho wanakubaliana. Shule nchi nzima zikaipokea. Sisi hatukuwa na kitabu. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitunga mwenyewe kwenye daftari, na lile daftari nalikumbuka kuliko vitabu vingi nilivyosoma baadaye.

Upande wa mjuzi aliuandika neno kwa neno, kwa kuwa kosa pale lingesikika. Hapo palikuwa na Siasa ni Kilimo, ambayo sisi watu wa Iringa tuliijua kuwa yetu kwa sababu TANU iliipitisha mjini kwetu mwaka 1972, kisha usafi, kisha kisomo cha watu wazima. Kwa mlevi, mvivu au kabaila aliandika mstari mmoja wa kuanzia, na chini yake: "ataendelea". Nani angepoteza wino kumwandikia mlevi?

Mimi nilipewa mjuzi, kwa sababu sauti yangu ilifika nyuma. Nilikariri, nikasimama wima, nikanyoosha kidole panapotakiwa. Mlevi alipewa kijana mmoja wa darasa letu, mkimya, ambaye kwenye hesabu hakuonekana. Kumbe yule alikuwa anatazama watu. Alijua mzee wa kilabuni anavyoshika mbeta ya ulanzi kwa mikono miwili kama amebeba mtoto mchanga, na anavyomsalimu mtu yule yule "kamwene" mara tatu. Rungwe nilikuwa nimeona walevi wa jukwaani wa pombe ya kimpumu, wakipepesuka tu. Huyu hakupepesuka. Alijitahidi kutembea sawasawa, na hapo ndipo tulipovunjika mbavu.

Mtu ataniambia sanaa za mikono nazo zilikuwepo. Ni kweli, tulisuka vikapu vya milulu. Lakini shule ya kujitegemea ilihitaji fedha, na kikapu kilichotoka tofauti na vingine hakikupata mnunuzi, kwa hiyo tulisuka kimoja hicho hicho mwaka mzima. Siku hizi mtaala una somo la Sanaa na Michezo. Mjukuu wangu anayesoma Uyole alinionyesha daftari lake: "Maana ya ubunifu", na chini yake mistari minne aliyonakili ubaoni, wino wa bluu, kichwa cha habari kimepigiwa mstari kwa rula.

Siku ya wazazi mwaka 1981 mgeni rasmi alikuwa kiongozi wa chama. Nilimaliza beti zangu za kukemea ulevi, nikamwuliza mlevi, kama ilivyoandikwa, kwa nini anaiangamiza familia yake kwa pombe. Ilikuwa miaka ile sukari haionekani dukani. Yule kijana akaweka chini kapu la kuchumia chai alilokuja nalo mgongoni, akanitazama kwa upole kabisa, akasema: "Dada, chai nachuma mimi. Sukari sina. Ulanzi hauulizi sukari."

Wazazi walilipuka. Akina mama wachuma chai walipiga vigelegele, baba yangu alifunika uso kwa kofia. Mwalimu alitazama viatu vyake. Mgeni rasmi alikaa kimya kwa muda ambao mimi pale jukwaani niliuona mrefu mno, kisha naye akacheka, na ngonjera ikaendelea hadi kwenye makubaliano, ingawa sidhani kuna aliyeyasikiliza.

Mwaka uliofuata likaja agizo kwamba ngonjera zote ziandikwe kamili na zipelekwe kusomwa kabla ya sherehe. Mwalimu hakuuandika upande wa mlevi. Alimpa yule kijana daftari na kalamu, akamwambia aandike mwenyewe. Aliandika kurasa sita. Mpaka siku hiyo insha zetu zilikuwa za kunakili ubaoni. Sikuwahi kumwona mwenzetu akijaza kurasa kwa maneno ya kichwani mwake. Mwalimu alisahihisha tahajia tu, akaipeleka ngonjera, ikarudi na muhuri.

Siku ya sherehe kijana alipanda jukwaani, akasema mstari wa kwanza wa zile kurasa sita, kisha akaziacha, akasema mengine kabisa.