Ua la Mvua ya Kwanza

Binti yetu alikuwa na miaka sita alipofariki. Kila Novemba, mvua ya kwanza ikinyesha hapa Kilimarondo, alikimbilia shambani kutafuta ua jekundu la porini, la mviringo kama mpira, ambalo mara nyingi hutoka ardhini kabla ya majani yake. Wataalamu huliita Scadoxus multiflorus, na mpira mmoja huweza kuwa na vijiua hata 200. Yeye aliliita ua la mvua, nasi tukafuata.

Mwezi wa nane baada ya msiba, tukisafisha chini ya mikorosho, jembe liliibua kitunguu chake. Tukakipanda karibu na mlango, tukakizungushia miiba kwa kuwa kina sumu, na mbuzi wa kwetu hawana adabu.

Tukiri kwenu, wapendwa: hatukuwa tunapanda bustani. Tulikuwa tumempangia Mungu tarehe. Likichanua Novemba, tutajua amempokea mtoto. Habari ya punje ya ngano katika Yohana 12 tuliisikia mazishini, lakini kuisikia mchana na kulala nayo usiku ni mambo mawili.

Mvua ikaja, yakatoka majani matupu. Mmoja wetu akaacha kwenda jumuiya. Mwingine alienda, akirudi hasemi neno. Kiangazi majani yakanyauka, na Julai tukafukua kuona kama kimeoza. Kilikuwa kizima, kigumu, kimenenepa. Mzee mmoja wa kanisa alitukuta na jembe mkononi. Akasema kitunguu hiki kikisumbuliwa mizizi huweza kupitisha mwaka bila ua.

"Wanangu, mnakipanda au mnakikagua?"

Tulicheka, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Tukakifukia. Juma lile tukaenda jumuiya wote wawili, bila ishara yoyote.

Novemba ile nayo ikapita bila ua. Hatukufukua tena.

Lilichanua mwaka huu. Tulidhani tungefurahi, kumbe tulikaa kizingitini tukilia mpaka chai ikapoa. Watoto wa jirani wakaja kuuliza kama wanaweza kuligusa. Tukatoa miiba upande mmoja, tukawaambia waguse taratibu, wasitie chochote mdomoni, kisha wanawe mikono. Baada ya siku chache likasinyaa. Sasa majani yanatoka.