Zabibu Hazingoji Lori

Kwa mwaka mzima nilikula kwa kuandika kuhusu vijiji vya mvinyo ambavyo sikuwa nimevikanyaga. Mteja wangu alikuwa na tovuti ya watalii huko ng'ambo, na mimi, nikiwa kwa bedsita yangu Githurai na bando la usiku, nilimwandikia makala ya Bordeaux, ya Tuscany, ya Franschhoek. Muundo haukubadilika: kilima, jua linatua, mzee mkarimu anafungua chupa, mgeni anaonja na kufumba macho. Hakuna aliyekuwa akivuna. Hakuna aliyedai pesa zake. Watu wa kijiji kazi yao ilikuwa kumngoja mgeni tu.

Halafu rafiki yangu tuliyekaa naye hosteli kabla sijaacha chuo (karo, stori ni fupi hivyo) akaniambia kwao wanalima zabibu za mvinyo. Kwao ni Hombolo, kama kilomita 40 kutoka Dodoma mjini. Nikacheka. Dodoma niliyoijua ni ya bunge na vumbi. Akasema, si uende ujionee, mama anatafuta mkono wa kuchuma mwezi wa nane.

Nairobi, Namanga, Arusha, kisha ile barabara ndefu ya Babati na Kondoa mpaka mgongo ukasahau kunyooka. Mwezi wa nane Ugogo yote ni kahawia. Mibuyu iko uchi, mito ni mchanga mtupu. Halafu ghafla, nyuma ya kijumba cha matofali, unaona mistari ya kijani imenyooka juu ya nguzo na waya, kama mtu ameazima shamba la nchi nyingine. Kumbe huo ukavu ndio unaoubeba mzabibu. Unyevu ukizidi huleta ubwiri, ule ugonjwa unaopaka majani unga mweupe. Na kwa kuwa hapa hakuna baridi kali ya kuulaza mti, mkulima ndiye anayeuamsha: akiupogoa, unaanza upya. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwaka, kisha tena Agosti na Septemba. Bordeaux huvuna mara moja. Nilimwandikia mteja wangu habari hii nikidhani atafurahi. Alijibu kwamba wasomaji wake hawatafuti huko.

Mizabibu ililetwa na wamisionari Wakatoliki wa Bihawana miaka ya 1950, kwa ajili ya divai ya misa. Siku hizi kuna Chenin Blanc, nyeupe, asili yake Ufaransa, na kuna nyekundu inayoitwa Makutupora, jina la mahali palipo na kituo cha utafiti wa kilimo upande wa kaskazini wa mji. Nilipenda kwamba kuna zabibu yenye jina ambalo shangazi yangu wa Machakos angelitamka bila kujikwaa.

Wiki ya kwanza nilikuwa kichekesho. Asubuhi ya kwanza nilimwambia mama, "Nipe chai." Binti yake, ambaye nililala naye chumba kimoja, akashika mdomo. Mama akanitazama kwa upole. "Mwanangu, huku tunasema naomba." Tangu siku hiyo niliomba kila kitu, hata njia. Nikajifunza kuitikia "Mbukwa" ya wazee wa Kigogo, nikajifunza kula mlenda na ugali wa uwele bila kuutazama sana. Jioni nilitembea mpaka bwawani, pale ambapo upande huu wa kijiji umepata jina lake, Hombolo Bwawani.

Kazi yenyewe si ya kalenda. Alfajiri unaingia kwenye mistari na mkasi, unashika kichala kwa mkono mmoja na kukata kikonyo kwa mwingine, bila kuponda, maana tunda likipasuka nyuki wanafika kabla ya wewe kugeuka. Saa nne mchana jua limeshakufukuza. Watoto wanapiga debe kuamia ndege. Mikono inanata mpaka usiku, na sukari hiyo ikikauka kwenye vidole inauma kuliko pilipili. Hakuna aliyeniletea glasi nionje. Pombe nyumbani kwa mama haikuingia kabisa, na hata jirani waliokunywa walichukua pombe ya mtama. Mvinyo wa chupa ni wa watu wa mjini.

Kilichotawala kijiji kilikuwa neno moja, lori. Kiwanda ndicho kinachosema leo nachukua, kesho sichukui. Mkulima akichuma kabla ya zamu yake, kwenye joto lile zabibu zinaanza kuchacha ndani ya kreti. Asipochuma, zinabaki mtini zikikauka polepole: sukari inapanda, maji yanashuka. Hapa ndipo niliposimama na kuelewa. Mnunuzi anataka sukari, lakini analipa kwa kilo. Kwa hivyo kila siku anayochelewa, zabibu inakuwa nzuri zaidi kwake na nyepesi zaidi kwa mama. Sijawahi kusikia biashara ya ujanja kama hiyo, na mimi nimefanya kazi ya mtandaoni.

Lori letu lilichelewa siku kumi na moja. Mama alizunguka mistari kila jioni, anachuma tunda moja, analibonyeza, anatema mbegu, hasemi kitu. Wengine walipeleka ndoo za zabibu stendi ya Dodoma kuwauzia abiria. Wengine walizikamua wenyewe wakahifadhi mchuzi wa zabibu kwenye mapipa, lakini mapipa ni mtaji, na mchuzi nao unahitaji mnunuzi. Nilianza kuona kwamba kwenye kilimo hiki mwenye tangi ndiye mwenye bei.

Binti alikuwa na barua ya kujiunga na chuo, diploma ya uuguzi, masomo kuanza Oktoba. Ada ilikuwa humo mtini. Usiku mmoja, taa imezimwa, akaniuliza, "Dada, wewe uliachaje?" Nikamwambia semista mbili za deni, na mlango wa chumba cha mtihani. Akanyamaza muda mrefu. "Hukulia?" Nikasema nililia kwenye matatu. Akacheka kidogo, na sidhani kama yeyote kati yetu alilala mapema.

Lori lilikuja Jumanne. Walipima, wakaandika karatasi, wakaondoka. Karatasi si pesa. Niliijua karatasi hiyo. Mteja wangu alikuwa na ankara zangu tatu za tangu Juni.

Nilirudi Hombolo mwaka uliofuata, mwezi wa tano, safari hii kama mgeni wa siku nne, na pakiti mbili za majani ya chai ya Kericho. Mgeni huona haraka. Ekari moja kati ya zile mbili ilikuwa na alizeti. Nguzo zimeng'olewa zimelazwa ukutani, waya umekunjwa vizuri, kwa sababu waya hautupwi. Pesa ya zabibu iliingia Januari. Ada ililipwa Oktoba kwa mbuzi wanne na mkopo wa kikundi cha akina mama. Binti yuko mwaka wa kwanza, na alinitumia picha ya sare yake nyeupe, amesimama mbele ya lango, hatabasamu, kama askari.

"Alizeti naivuna, naikausha, naiweka gunia," mama alisema. "Inalala mpaka nitakapotaka mimi."

Nikamuuliza kwa nini basi hakung'oa yote. Akaitazama ile ekari iliyobaki, Makutupora, imetoka kuvunwa na majani yake yameanza kuzeeka. Aliipanda na marehemu mumewe, lakini hakutaja hilo. Nililijua kwa binti. Alisema tu kwamba kuna mnunuzi mpya anayesemekana kulipa palepale shambani. Alilisema hilo "anayesemekana" taratibu sana.

Asubuhi ya tatu akanipa mkasi tupogoe. "Acha macho mawili kila tawi," akasema. "Matatu ukiona tawi lina nguvu." Nikamuuliza nitajuaje lina nguvu. Akalishika moja karibu nami, akalizungusha kwa kidole gumba, akakata, akasonga mbele kwenye mti unaofuata.