Gari Lina Bima?



Mwezi uliopita tulikuwa tukirejea Voi kutoka Taveta, tulikokwenda kufungisha ndoa. Magharibi ilitukuta Maktau. Mwenye kuijua njia ile anafahamu kuwa saa hizo ndovu huvuka lami na hawamwombi mtu idhini. Mwana wetu, aliyekuwa akiendesha, alimwona mmoja akiwa amekwisha weka mguu barabarani. Akakata usukani, na Probox yetu ikaingia mtaroni, uso wake ukapiga jiwe. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia. Ndovu alitutazama kidogo, kisha akaenda zake.

Kesho yake, baada ya kuandikisha ajali kwa polisi, tulilivuta gari hadi gereji moja ya hapa mjini. Fundi hakuinua boneti. Aliuliza kwanza, "Shekhe, gari lina bima?" Mwana wetu akamjibu kuwa lina bima kamili, ile ilipayo hata hasara ya gari la mwenyewe. Fundi akachukua kalamu, akaandika shilingi 68,000.

Gereji ya pili tulimwomba fundi atuandikie kila kitu mbalimbali: bampa, rejeta, taa ya kushoto, kunyoosha boneti, rangi, na ujira wake, tena aeleze kipi ni kipya na kipi kimetumika Japani. Alilala chini ya gari, akatoka na vumbi jekundu mgongoni, akahesabu 43,000. Alipomaliza ndipo naye alipouliza suala lile lile la bima. Tulipomjibu alikuna kichwa, lakini hakuifuta karatasi yake.

Usiku, fundi wa kwanza alitupigia simu. "Shekhe, najua bima itawaambia mbebe 15,000 za mwanzo wenyewe. Kazi yangu ni 45,000. Nikiandika 68,000, zile zenu zinatoka humo humo, na kinachobaki tunagawana."

Hatutaficha: hesabu ile ilituingia moyoni. Kwa mwalimu wa madrasa, 15,000 si pesa za kuokota njiani. (Na hilo la kubeba sehemu ya mwanzo ya hasara tulilisoma kwenye karatasi ya bima siku ya ajali, si siku ya kulipa. Ndugu msomaji, wewe lisome leo.) Mwana wetu naye aliongeza kuni motoni: "Baba, miaka sita tunalipa na hatujachukua hata senti. Si zetu hizo?"

Hapo elimu yetu ikatusuta. Sheria ya nchi, Sura ya 405, inalazimisha kila gari la barabarani liwe na bima ya kuwakinga watu wengine. Hilo hatuna hiari nalo. Lakini wanazuoni wa Baraza la Fiqhi waliokutana Jeddah mwaka 1985 walisema kuwa bima ya kibiashara ina gharari inayoharibu mkataba, wakaelekeza kwenye bima ya ushirika, yaani takaful. Kenya ilipopata kampuni yake ya kwanza ya takaful mwaka 2011 tulifurahi, tukaieleza katika darsa, na baadaye tukahamishia gari letu huko. Ni sisi tuliowaambia watu kuwa mchango ule ni tabarrui: ukishautoa, umewapa wenzako watakaofikwa na msiba, na ukifikwa wewe watakushika mkono. Basi ile 15,000 isingelipwa na mdudu aitwaye bima. Ingetoka kwa dereva wa tuktuk wa Kisauni na mama mwenye duka wa Garissa. Na hata kama bima ingekuwa ile nyingine, uongo ulioandikwa kwenye karatasi haugeuki kuwa kweli kwa sababu mlipaji ni tajiri.

Yote haya tuliyajua, na bado tulikuwa tumeishika simu mkononi. Ahali yetu, asiyesoma fiqhi ya bima popote, aliuliza tu, "Na mkadiriaji akija akakuuliza bei hii imetoka wapi, Shekhe, utamjibu nini?"

Asubuhi tulimwendea fundi yule kwa miguu, maana mambo kama haya hayasemwi kwa simu. Hakukasirika. Alituambia kuwa bili zake hukatwa kila mara, na malipo humfikia baada ya miezi, ndiyo maana huongeza mapema. Hatukuwa na jibu zuri la kumpa. Mtu anayengoja haki yake miezi mitatu ana dhiki ya kweli, hata kama dawa aliyoichagua si halali. Bado tunaswali safu moja.

Kazi tulimpa fundi wa pili. Mkadiriaji alikuja, akaipitia karatasi mstari kwa mstari, akabisha juu ya taa mpya. Ikawekwa iliyotumika, hesabu ikashuka hadi 40,000. Bima ililipa 25,000. Zilizobaki tulizilipa kwa mafungu mawili, na fundi alisubiri.

Taa ya kushoto ni ya manjano kuliko ya kulia. Wanafunzi wetu wa chuoni sasa hulitambua gari usiku tangu mbali, wakawahi kuketi.